Karatasi ya Ijumaa: Tathmini ya Masomo ya Darasa la Kwanza na la Pili katika Shule ya Masista

Mzazi anayemtafutia mtoto nafasi ya darasa la kwanza hupokelewa langoni na mambo matatu: majengo, mabasi, na bango la matokeo ya mtihani wa darasa la saba. Yote matatu yana uzito wake, lakini hakuna hata moja linalojibu swali lililomleta, yaani mtoto wa miaka sita akiingia darasani Jumatatu asubuhi atakuwa amejifunza nini ifikapo Ijumaa, amejifunza kwa njia gani, na nyumbani tutajuaje. Tathmini hii nimeiandika kwa ajili ya swali hilo. Nina watoto wawili katika shule ninayoieleza. Mkubwa amekwisha kuvuka darasa la pili na mdogo wake yumo darasa la kwanza, kwa hiyo nimeiona kazi ya madarasa haya ya chini mara mbili, chini ya walimu tofauti.

Shule yenyewe ni ya jimbo la Kanisa Katoliki, iko mkoani Morogoro, na inaendeshwa na masista wakisaidiana na walimu walei. Ni ya mchepuo wa Kiingereza, na kwa watoto wadogo ni ya kutwa. Jina lake sitalitaja, kwa sababu baadhi ya niliyo nayo ni malalamiko, na pia kwa sababu wazazi wenye watoto katika shule nyingine za Kikatoliki wameniambia kwamba mengi ya haya wanayaona kwao.

Niseme kidogo kuhusu sifa ya shule za aina hii, maana ndiyo inayotupeleka wengi wetu pale. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, na miongoni mwa wanafunzi wao wa mwanzo walikuwamo watoto waliokombolewa utumwani, ambao walifundishwa kusoma pamoja na kazi za mikono. Kutoka hapo shule za misheni zilienea bara, hadi Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilipozitia shule nyingi za mashirika ya dini mikononi mwa Serikali, na baadaye Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ikapanua mlango kwa shule binafsi. Shule nyingi za msingi za Kikatoliki tunazoziona mijini leo zimezaliwa baada ya mlango huo kupanuliwa. Kwa hiyo heshima tunayozipa tumeirithi kwa babu na bibi waliosoma misheni, na mara nyingi heshima hiyo hutufanya tuone haya kuuliza. Mimi nasema tuulize. Shule ya leo ipimwe kwa kazi yake ya leo, na kazi hiyo inaonekana vizuri zaidi katika wiki moja ya kawaida kuliko katika sherehe ya mahafali.

Katika shule hii, wiki hufungwa kwa karatasi. Kila Ijumaa mchana mtoto wa darasa la kwanza au la pili hurudi nyumbani na ukurasa mmoja uliochapwa pande zote mbili, ukiwa umekunjwa ndani ya daftari la mawasiliano. Upande wa kwanza unaeleza yaliyofundishwa wiki hiyo kwa kila somo, kwa Kiswahili chepesi ambacho hata dada wa kazi anaweza kukifuata. Upande wa pili una mistari michache ya mzazi kusoma pamoja na mtoto, Injili ya Jumapili inayokuja kwa sentensi tatu au nne, na nafasi ya mzazi kuandika neno na kutia sahihi. Karatasi hiyo hurudishwa Jumatatu, na mwalimu huisoma kweli. Nimewahi kuandika kwamba binti yangu anaona maandishi ya ubaoni kwa shida, na kabla ya wiki kwisha alikuwa amehamishiwa dawati la mbele na mimi nimeshauriwa nimpeleke akapimwe macho.

Utaratibu huu una chanzo chake, na Sista Mwalimu Mkuu alitueleza kikaoni. Zamani watoto wengi wa madarasa ya chini walikuwa wa bweni, na mzazi alikuwa mtu wa kulipa ada na kuja siku ya kutembelea. Mwaka 2023 Serikali ilitoa waraka uliokataza bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, na shule ikajikuta na mamia ya watoto wanaolala kwao kila siku, ambao wazazi wao hawakuwa wamezoea kuulizwa chochote kuhusu masomo. Walimu waliona kwamba kama nyumbani hawajui kinachofundishwa, watamkanganya mtoto kwa njia zao, kila mmoja na yake. Ndipo karatasi ikaanza. Naliona hili kuwa jambo jema kuliko yote shule iliyofanya katika miaka hii, nami ningeliweka mbele ya maabara ya kompyuta ambayo ndiyo inayopigwa picha.

Mbele yangu ninayo karatasi ya darasa la kwanza ya wiki moja ya mwisho wa Julai, nami nitaieleza kwa undani kidogo, kwa sababu ndani yake mtu anaweza kuona jinsi shule hii inavyofikiri. Kusoma: silabi zinazoanza na mb, yaani mba, mbe, mbi, mbo, mbu, pamoja na maneno embe, kamba, shamba na mbuzi. Kuandika: kutofautisha b na d, kisha imla ya maneno sita. Kuhesabu: namba 11 hadi 20, kwa fungu la kumi na mamoja. Kiingereza: salamu, majina ya viungo vya mwili, na sauti moja ya herufi mbili. Afya na mazingira: kunawa mikono kabla ya kula. Dini: Yesu anawalisha watu elfu tano.

Tuanze na kusoma, maana hapo ndipo shule inapostahili sifa kubwa zaidi. Mtaala wa madarasa haya umejengwa juu ya stadi tatu ambazo kila mzazi amekwisha kuzisikia kwa jina la KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na mtaala ulioboreshwa, ambao darasa la kwanza lilianza kuutumia Januari 2024, haukuziondoa pale zilipo. Tofauti kati ya shule na shule iko katika uvumilivu. Hapa mtoto hafundishwi kwanza majina ya herufi kwa wimbo, bali sauti zake. Huanza na irabu tano, ambazo katika Kiswahili kila moja ina sauti yake isiyobadilika, kisha konsonanti moja moja huunganishwa nazo: ma, me, mi, mo, mu. Mtoto akishaweza silabi mbili, siku hiyo hiyo hupewa neno la kusoma, na neno la kwanza ambalo wanangu wote wawili walilileta nyumbani kwa fahari lilikuwa mama. Silabi zenye konsonanti mbili, kama hizo za mb, na baadaye nd, ng, ch, sh, ny na zile ngumu za ng' na gh, huja baada ya miezi, kila moja ikipewa wiki yake au zaidi. Wiki ambayo darasa halijaelewa, somo halisongi mbele. Karatasi ya Ijumaa husema tu kwamba tumebaki tulipokuwa, tafadhali rudieni maneno haya.

Nilipata kukaa nyuma ya darasa katika siku ya wazazi, wakati wa somo hilo la mb, na kuna kitu nilichokiona ambacho sijakisahau. Watoto walikuwa wakigawa maneno kwa makofi. Walipiga makofi matatu kwa mtoto, m-to-to, sawasawa. Walipofika kwenye mbuzi, kijana mmoja wa dawati la pili akapiga matatu tena: m-bu-zi. Mwalimu hakumwambia amekosea. Alimwita mbele, akamwambia aweke kiganja chini ya kidevu chake aseme neno taratibu, kisha aseme kidevu kimeshuka mara ngapi. Mtoto akasema mtoto, akasema mbuzi, akarudia, akafikiri, kisha akageukia wenzake akawaambia ni mbili. Darasa zima likaweka mikono videvuni. Mimi niliyesoma kwa kuimba ukuta mzima wa silabi bila kuambiwa lolote, nilielewa pale kwamba mtoto yule ameona kwa mwili wake kwamba m ya mtoto husimama peke yake, na m ya mbuzi huegemea b. Kipindi ni cha dakika 30, na mwalimu alitumia karibu robo yake kwa kosa la mtoto mmoja. Huo ndio ufundishaji ninaoulipia.

Kuandika kunakwenda sambamba na kusoma, ingawa kwa mwendo wa polepole zaidi. Watoto wa darasa la kwanza hutumia penseli na madaftari ya mistari mipana, na mkazo mkubwa uko katika umbo la herufi na mahali pa kuanzia kuichora. Mwalimu wa mwanangu mdogo ana desturi ya kuzungushia duara herufi moja iliyoandikwa vizuri kuliko zote katika mstari, badala ya kutia mkasi zilizo mbaya. Ni jambo dogo, lakini mtoto hulitafuta duara lake kwanza kila anapofungua daftari.

Kuhusu Kiingereza, nitasema jambo ambalo si wazazi wote watakubaliana nami. Wengi wetu hupeleka watoto katika shule za mchepuo huu ili wazungumze Kiingereza mapema, na tunapima shule kwa kusikiliza mtoto anavyotusalimu jioni. Shule hii, ingawa ni ya mchepuo huo, haimfundishi mtoto kusoma Kiingereza katika muhula wa kwanza wa darasa la kwanza. Anakisikia, anakiimba, anaagizwa kwacho kusimama na kuketi, lakini kitabu anachosoma ni cha Kiswahili. Kusoma Kiingereza huanza muhula wa pili, mtoto akiwa amekwisha kuelewa kwamba alama zilizo kwenye karatasi ni sauti za mdomo. Mwanzoni jambo hili lilinipa wasiwasi, na kikaoni wazazi kadhaa walilalamika kwa sauti kwamba watoto wa shule jirani wanasoma vitabu vya Kiingereza tangu awali. Sista alijibu kwa utulivu kwamba katika Kiswahili herufi a haimdanganyi mtoto, popote aikutapo ni ile ile, ilhali katika Kiingereza herufi hiyo moja hubadilika sauti kutoka neno hadi neno, na mtoto aliyeanza na hiyo ya pili mara nyingi hukariri umbo la neno zima bila kulisoma. Mkubwa wangu sasa anasoma lugha zote mbili, na namwona akikutana na neno geni huligawa, wala halikisii. Kwa macho yangu mwenyewe, hoja ya Sista imesimama.

Ninashukuru pia kwamba hakuna mtoto wa darasa la kwanza au la pili anayeadhibiwa kwa kuzungumza Kiswahili uwanjani. Kuna shule ambako mtoto huvishwa kibao shingoni kwa kosa hilo, na sina neno la kuzitetea. Hapa sheria ya kuzungumza Kiingereza inaanza darasa la tatu, na hata hapo ni kwa kukumbushwa tu.

Kuhesabu ndipo ninapogawanyika. Asubuhi, darasani, kazi ni nzuri mno. Watoto wana vijiti, vizibo vya soda na mbegu, na kila kumi hufungwa kwa raba kabla ya kuandikwa namba yoyote. Wiki ile ya Julai ilinifurahisha kipekee, kwa sababu mwalimu aliunganisha masomo mawili bila kulazimisha. Injili ya Jumapili iliyokuwa ikija ilikuwa ya Yohana sura ya 6, ambayo katika mzunguko wa miaka mitatu wa masomo ya Misa huangukia Jumapili ya 17 ya mwaka B. Yohana ndiye peke yake anayemtaja kijana mwenye mikate mitano ya shayiri na samaki wawili. Watoto walichora mikate mitano na samaki wawili, wakajumlisha, kisha wakasikia kwamba makombo yaliyobaki yalijaza vikapu 12. Kumi na mbili ndiyo namba waliyokuwa wakiisoma juzi yake: fungu moja na vijiti viwili. Mwalimu aliwaacha wajenge vikapu hivyo kwa vizibo juu ya madawati, kumi upande mmoja na viwili pembeni. Jioni ile mwanangu alinieleza thamani ya nafasi ya tarakimu kwa kutumia muujiza wa Bwana, na hakuchanganya kimoja na kingine.

Lakini Jumatano huja kazi ya nyumbani, na hapo ile hekima ya asubuhi inapotea. Kuanzia muhula wa pili mtoto hupewa kurasa za kujumlisha na kutoa zinazofanana moja baada ya nyingine, nyingi kiasi kwamba mtoto aliyeelewa huchoka na asiyeelewa hurudia kosa lile lile hadi mwisho wa ukurasa. Vijiti havimo mkobani, fungu la kumi halimo, ni tarakimu tupu. Ninavyoelewa, kurasa hizi zinatokana na hofu ya Upimaji wa Kitaifa wa darasa la nne, ambao shule hupimwa kwao hadharani, na hofu hiyo inashuka hadi kwa mtoto ambaye bado anang'oa meno ya utoto. Nimeliandika hili katika nafasi ya mzazi zaidi ya mara moja. Mwalimu wa darasa alikubali kupunguza kwa mwanangu, lakini utaratibu wa shule nzima haujabadilika, nami nausema hapa kama upungufu wa kweli.

Sasa dini, ambayo ndiyo inayoitofautisha shule hii na nyingine. Msomaji asidhani kwamba ni kipindi kimoja kilichobanwa katikati ya ratiba. Mgeni akiingia darasani watoto husimama, na akisema "Tumsifu Yesu Kristo" hujibiwa "Milele, amina" kwa sauti moja, kisha shikamoo hufuata. Siku huanza kwa Baba Yetu, saa sita mchana kengele ya Malaika wa Bwana hupigwa na penseli huwekwa chini, na Mei na Oktoba huwa kuna rozari, ambapo watoto wa madarasa haya husali kumi moja tu badala ya makumi matano. Ninaipenda busara hiyo ya kumpa mtoto kiasi anachoweza kukibeba kwa moyo wote. Darasa la kwanza hujifunza Ishara ya Msalaba, Baba Yetu, Salamu Maria, Atukuzwe na sala ya Malaika Mlinzi, na darasa la pili huongeza sala za Imani, Matumaini, Mapendo na Majuto, pamoja na Amri Kumi kwa maneno ya watoto.

Komunyo ya kwanza haifundishwi hapa. Papa Pius wa Kumi aliagiza mwaka 1910 kwamba watoto waruhusiwe kupokea wafikapo umri wa kutambua, yaani karibu miaka 7, na baadhi ya wazazi hutumia agizo hilo kuisukuma shule iandae darasa la pili. Masista wamekataa, si kwa kupinga umri, bali kwa kusema kwamba maandalizi hayo ni ya parokia, mbele ya katekista na mbele ya wazazi, na mtoto anayaanza kwao akiwa darasa la tatu. Naona wamefanya vyema. Mzazi aliyezoea kuiachia shule kila kitu hulazimika kumshika mtoto mkono Jumamosi na kumpeleka mwenyewe.

Ijumaa watoto hukutana katika kikundi cha Utoto Mtakatifu, shirika lililoanzishwa mwaka 1843 na Charles de Forbin-Janson, askofu wa Nancy nchini Ufaransa, kwa wazo jepesi kwamba watoto wawasaidie watoto wenzao kwa sala na kwa sarafu. Mpaka leo ahadi yenyewe ni Salamu Maria moja kila siku na mchango mdogo. Darasani kuna kopo la bati lililobandikwa karatasi ya rangi, na mtoto hutumbukiza alichonacho. Nilichunguza kama kuna orodha ya waliotoa na wasiotoa, nikakuta hakuna. Laiti ingekuwepo, ningeandika maneno makali hapa.

Kwa watoto wasio Wakatoliki, na mjini kwetu hao ni wengi, Waislamu kwa Walutheri, shule inajitahidi lakini haijafika. Wakati wa kuandikishwa mzazi huelezwa waziwazi kwamba mtoto atakuwepo kwenye sala ya asubuhi, na kwamba halazimishwi kufanya Ishara ya Msalaba wala kutamka sala. Hilo linaheshimiwa, na mama mmoja jirani yangu, Mwislamu, amenithibitishia. Shida iko katika kipindi chenyewe cha dini. Watoto hao hupelekwa chumba cha pili kwa kile kinachoitwa maadili, ambako hakuna andalio la somo la maana, na mara nyingi hupewa picha za kupaka rangi hadi kengele ilie. Karatasi ya Ijumaa ya mtoto wa jirani yangu huwa na mstari mtupu mahali pa dini. Shule inayochukua ada sawa kwa watoto wote inawajibika kuujaza mstari huo, kwa kumwajiri mwalimu au kwa kukubaliana na wazazi wenyewe namna ya kuujaza.

Kuhusu upimaji nina sifa moja na lawama moja. Ijumaa kabla ya Utoto Mtakatifu huwa kuna jaribio fupi la wiki, na katika darasa la kwanza matokeo yake hayatolewi kwa alama wala kwa nafasi. Mwalimu huandika mbele ya kila stadi kama mtoto anaweza mwenyewe, anaweza kwa msaada, au bado. Kwa mzazi maneno hayo ni mwongozo. Nikiona "anaweza kwa msaada" kwenye kusoma silabi za nd, najua la kufanya Jumamosi. Ila mtoto akifika muhula wa pili wa darasa la pili, utaratibu huu unaachwa ghafla, na ripoti hurudi ikiwa imeandikwa nafasi yake kati ya wenzake wote. Mkubwa wangu aliporudi na ripoti ya aina hiyo kwa mara ya kwanza, hakuniuliza amejua nini, aliniuliza nani amemzidi. Sioni sababu ya kulivunja jengo zuri namna hiyo mapema hivyo.

Mambo mengine yatoshe kutajwa kwa ufupi. Walimu wa madarasa haya ni wawili kwa kila darasa, mmoja akifundisha na mwenzake akizunguka, na maazimio yao ya kazi hupitiwa na mwalimu wa taaluma kila wiki. Chakula cha mchana ni kizuri. Maktaba ina vitabu vingi vya Kiingereza vilivyotolewa na wafadhili, vingi vikiwa vya mbwa wanaolala ndani na theluji, na vya Kiswahili ni vichache vilivyochanika, upungufu unaoumiza kwa shule inayofundisha kusoma Kiswahili vizuri kiasi hiki. Basi huwachukua watoto wa mbali alfajiri mno, na wapo wanaosinzia katika kipindi cha kwanza, ambacho kwa bahati mbaya ndicho cha kusoma. Ada ya mwaka hulipwa kwa awamu nne, na shule huvumilia mzazi anayekuja mwenyewe kueleza hali yake.

Ningemshauri nani ampeleke mwanawe hapa? Mzazi aliye tayari kukaa na mtoto jioni mbili tatu kwa wiki na kuifungua ile karatasi, kwa sababu mafundisho yamepangwa yakimtegemea. Asiye na nafasi hiyo kabisa ataona shule hii inakwenda taratibu na atalalamika kwamba mtoto haongei Kiingereza. Mzazi Mkatoliki atakuta imani inafundishwa kwa upole na kwa mpangilio. Mzazi wa dini nyingine atakuta heshima, lakini aulize mapema kuhusu kile kipindi cha maadili, na aombe jibu la maandishi.

Ukienda kuitazama shule ya aina hii, usiishie ofisini. Omba kuonyeshwa karatasi za Ijumaa za muhula uliopita, zote kwa mfuatano, kisha omba daftari la kuandika la mtoto yeyote wa darasa la pili lililojaa tangu Januari, ulitazame kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Hapa hawakatai. Fomu za darasa la kwanza hutolewa katika ofisi ya mhasibu siku za kazi hadi saa tisa alasiri, na nafasi za Januari kwa kawaida huwa zimejaa kabla ya Oktoba kwisha.